Korongo Walioshuka Siku ya Arusi ya Bozhana

Kazi ya Kerana ilikuwa kufukuza ndege. Kila asubuhi alipanda pikipiki yake ndogo ya buluu, akapita kanisa, akapita makaburi, akakwea kilima mpaka kwenye bwawa la tope la machimbo ya shaba. Huko alishinda akizunguka juu ya tuta linalolizuia tope, akipuliza filimbi, akigonga sufuria, na mara kwa mara akifyatua mzinga wa gesi, ule unaolia kama bunduki lakini hautoi kitu ila mshindo. Sisi wa bondeni tulishazoea. Mzinga ukilia tulisema, "Kerana huyo," tukaendelea kumenya pilipili.

Machimbo yenyewe yalifungwa zamani. Kilichobaki ni bwawa: tope la mawe yaliyosagwa na kuoshwa kwa miaka na miaka, na juu yake maji ya rangi nzuri mno, kijani kinachoelekea buluu, ambayo mgeni akiyaona hutaka kuvua viatu. Ndani yake mna shaba na madini ya risasi ya kutosha kumchoma ndege koo, na asipokufa siku hiyo, kumlegeza mabawa pole pole mpaka aanguke. Ndege hajui. Akiwa juu anaona maji tu.

Na ndege kwetu hawakosi. Kijiji chetu kimekaa kati ya vilima vya Strandzha na Bahari Nyeusi, na korongo wa kaskazini yote, mwezi wa nane, wakienda Afrika, hupita juu ya paa zetu, maana hawapendi kukatisha baharini. Chini ya bwawa bonde linateremka hadi kwenye kinamasi cha matete. Hapo ndipo wanaposhuka kula vyura na kupumzika. Hapo pia ndipo Diamandi, mdogo wake Kerana, alipokuwa na nyavu zake za samaki.

Mimi ni jirani ya Kerana, ua kwa ua. Nilimjua tangu alipokuwa akifanya kazi kwenye mitambo ya kuoshea mawe, akirudi jioni na vumbi la kijivu kwenye nyusi. "Tope lile nusu nimelitoa kwa mikono yangu," aliniambia siku moja. "Afadhali nililinde." Hakuwa mtu wa maneno. Kelele zake zote zilikwisha kazini. Nyumbani alikaa na mumewe Stamat, aliyekuwa dereva wa malori ya machimbo na sasa anakohoa, wakatazama televisheni bila kusemezana, na walipendana hivyo hivyo.

Mwanzo wa msimu wa kuchipua nilianza kumwona amebadilika. Alikuwa akisimama uani na ndoo mkononi, amesahau alikuwa anakwenda wapi. Nilipombana akaniambia. Chini ya tuta la bwawa, upande wa bondeni, ameona mahali pabichi. Majani yamekauka, na udongo umeshika rangi ya kutu. Maji yanachuruzika kidogo kidogo, yanaelekea kinamasini.

"Umemwambia Delyan?" nikamuuliza. Delyan alikuwa msimamizi, kijana aliyekabidhiwa machimbo matatu yaliyokufa na gari moja bovu.

"Nimemwambia. Kaja, kapagusa kwa ncha ya kiatu. Kasema, 'Bi Kerana, hiyo ni chemchemi.' Nikamwambia, chemchemi gani yenye kutu? Kasema, 'Vilima vyote huku vina kutu, mama yangu. Hata bawaba za mlango wangu.' Akacheka, akaondoka."

"Labda kweli ni chemchemi."

"Labda," alisema. Lakini hakusema kama mtu anayeamini.

Tangu siku hiyo hakula samaki wa mdogo wake. Alimwogopea kila mtu aliyewala, na hakumwambia yeyote, kwa sababu hakuwa na hakika. Angewezaje kumfungia ndugu yake riziki kwa kiraka cha udongo mbichi? Diamandi alitambua. Diamandi alikuwa mtu mkubwa wa kifua na wa sauti, mpiga zumari la ngozi ya mbuzi katika kila sherehe ya bonde letu, na hakuweza kuvumilia sahani yake irudishwe.

"Samaki wangu wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea. Tumbo tu."

"Tumbo! Wewe umekula samaki wa bonde hili tangu hujaota meno. Sema unaringa."

"Siringi, Diamandi."

"Basi kula."

Hakula. Wakaachana kwa hasira, na wakati huo arusi ya Bozhana, binti pekee wa Diamandi, ilikuwa imekaribia.

Mkononi mwa Kerana ndimo Bozhana alimokulia, kwa kuwa mama yake alifariki mapema. Shangazi ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyemfundisha kukanda unga, ndiye aliyemchapa na kumbembeleza. Arusi bila yeye isingekuwa arusi. Lakini mlinzi mwenzake alikuwa ameachishwa kazi na nafasi yake haikujazwa, na gesi ya mzinga ilikwisha siku mbili kabla. Alimpigia Delyan simu mbele yangu.

"Gesi italetwa Jumatatu, Bi Kerana."

"Na Jumamosi korongo hawapiti?"

"Jumamosi maduka yanafungwa mapema. Mimi nifanye nini? Nikajiwashe mwenyewe juu ya tuta?"

Kwa hiyo Jumamosi alikwenda kanisani amevaa gauni lake la zambarau, akambusu Bozhana mashavu yote mawili, akamweka sawa shela, kisha akavua viatu vya kisigino pale pale mlangoni na kuvaa mabuti.

Diamandi alimwona. "Unakwenda wapi?"

"Bwawani. Nitarudi jua likizama."

"Mwanangu mmoja anaolewa, na wewe unakwenda kuwagongea ndege sufuria!" Alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Watu wakiniuliza shangazi yuko wapi, niwaambie nini? Yuko na kunguru?"

Kerana alipanda pikipiki. Nilimwona mgongo tu, gauni limekunjwa chini ya makalio lisiingie kwenye gurudumu.

Arusi ilifanyika chini ya turubai kwenye uwanja wa mpira. Palikuwa na kondoo wa kuchoma, mikate, jibini, na katikati ya kila meza sinia la samaki wa Diamandi waliookwa na limau. Mimi nilipewa kushika mkoba wa bi arusi. Ngoma kubwa ilipigwa, zumari likalia, na duara la wachezaji likazunguka turubai zima, Stamat naye ndani, kikohozi amekisahau. Alasiri ilipokwenda, upepo ukageuka. Wingu jeusi lilitoka baharini, likapanda kama ukuta. Wazee wakatazama juu, wakasema mvua hiyo, wakavuta meza ndani.

Yaliyotokea kule juu alinisimulia Kerana baadaye, vipande vipande. Korongo walikuwa wamepanda juu sana, mamia, wakizunguka bila kupiga mabawa, kama wafanyavyo jua likiwaka. Wingu lilipolifunika jua, hewa ikakosa nguvu ya kuwabeba. Wakaanza kushuka. Walikuja wakipiga mabawa kwa uchovu, mvua ikiwachapa, na mbele yao palikuwa na maji tambarare, tulivu, yanayong'aa. Wa kwanza akanyoosha miguu yake myekundu.

Kerana akapuliza filimbi, akagonga sufuria mpaka mpini ukachomoka. Wakiinuka upande huu, wanatua upande ule. Akikimbilia ule, wanatua nyuma yake. Bwawa ni refu, yeye ni mmoja, na umri wake umekwenda. Akapiga simu.

Simu ya Stamat ilikuwa mfukoni mwa koti, na koti lilikuwa kwenye kiti. Diamandi alipokea yake, maana hata akicheza simu haimtoki mkononi.

"Njoo ucheze!" akapiga kelele.

"Diamandi, korongo wameshuka bwawani."

"Wasalimie!" Akakata.

Ndipo simu ya Bozhana ikaanza kutetemeka ndani ya mkoba niliopakata. Niliona jina, nikapokea. Kwanza nilisikia mvua, kisha pumzi ya mtu aliyekimbia sana, kisha kilio. Miaka yote niliyomjua Kerana sijapata kumsikia akilia, hata alipomzika mama yake. "Nipe Bozhana," alisema. "Nipe mtoto."

Nilipenya kwenye duara la wachezaji, nikampa. Bozhana alisikiliza huku ameziba sikio la pili. Niliona uso wake ukibadilika. Hakumwita baba yake, wala mumewe. Alikwenda moja kwa moja kwa wapiga muziki, akawaashiria wanyamaze, akaiweka simu kwenye kipaza sauti.

Turubai zima likasikia.

"...wanakunywa, mwanangu. Nisamehe kwa siku yako. Wanakunywa na siwezi. Hapa wanainuka, pale wanatua. Nahitaji kelele. Nahitaji watu. Na wengine wasimame kinamasini, msiwaache watue kinamasini!"

Diamandi akasogea. "Kinamasini kuna nini?" aliuliza, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo.

Akakiinamia kipaza sauti.

"Dada, nakuuliza. Kinamasini kuna nini?"

"Kuna kile kile kilicho huku," alisema Kerana. "Nadhani. Tuta linavuja tangu majira ya kuchipua. Sina hakika, Diamandi. Sijui. Ndiyo maana sikula."

Nilitazama sinia lililokuwa mbele yangu. Kila mtu alitazama sinia lililokuwa mbele yake. Mwanamke mmoja upande wa bwana arusi aliweka uma chini taratibu, kama vile ungeweza kuvunjika, na mwingine akamshika mwanawe kidevu, akamwambia, "Tema. Tema, nimesema."

Nilimwogopa Diamandi wakati ule. Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Ila Bozhana alimtangulia. Alishika gauni lake kwa mikono miwili, akasema, "Ngoma mnazo. Magari yana honi. Mnangoja nini, chakula kingine?"

Na watu wakaenda. Sijui kama waliwaendea ndege, au walimwendea Kerana, au walitaka tu kuondoka kwenye zile meza. Magari yalipanda kilima kwa msururu, yakipiga honi, maua ya arusi yakidondoka kwenye matope. Mpiga ngoma alikaa nyuma ya gari la mizigo, akipiga kama anayepigana. Diamandi hakupanda kilima. Aliteremka kinamasini na wavuvi wenzake na zumari lake, mvuani, na sisi tuliokuwa juu tuliisikia sauti yake bondeni, ndefu, bila wimbo wowote.

Nilipofika tutani nilimwona Kerana. Gauni la zambarau lilikuwa limegandamana naye, nywele zimemwangukia usoni, filimbi iko mdomoni na haitoi tena sauti. Maji yote yalikuwa meupe kwa korongo. Walisimama wamejikunyata, wamechoka, wengine wameinamisha midomo. Sijawahi kuona kitu kizuri kilichonitia hofu namna ile.

"Msiingie majini!" Kerana alipiga kelele. "Tuta tu! Tuta tu! Wazungukeni huku, waachieni upande wa kijiji wazi!"

Tukazunguka. Tulipiga vifuniko vya masufuria, makopo, milango ya magari. Stamat alikuwa akipiga sinia tupu kwa jiwe na kukohoa kwa zamu. Bwana arusi alivua koti lake, akalipunga juu ya kichwa. Korongo wakasogea, wakasita, na mimi niliomba Mungu, maana kama wangekataa hatukuwa na jingine. Kisha mmoja akainuka, na baada yake wakainuka wote kwa mpigo, upepo wa mabawa yao ukatupiga usoni na harufu ya tope. Wakaelekea bondeni. Tukawafuata kwa macho. Kinamasini zumari likalia, ngozi ya mbuzi ikitoa pumzi yake yote, na wavuvi wakapiga kelele, na kundi likakunja juu ya matete, likapita, likaenda kutua kijijini.

Waliobaki bwawani walikuwa wachache, waliolowa au waliokunywa mno. Hatukuweza kuwafuata. Tope lile linameza mtu. Kerana alisimama akiwatazama mpaka Stamat akamfunika koti na kumvuta.

"Twende, mke wangu."

"Yule bado anasogea."

"Namwona. Twende."

Tuliporudi, korongo walikuwa kila mahali: juu ya paa, juu ya ghala, kwenye mashamba ya mabua, kwenye uwanja wa mpira, wengine wamesimama mguu mmoja kati ya meza zetu kana kwamba wamealikwa. Muziki haukupigwa tena. Tulikula kondoo na mkate kwa sauti ya chini, samaki wakaachwa. Diamandi alirudi amelowa, akakaa mbali na dada yake. Baadaye alinyanyuka, akamletea glasi ya rakia, pombe yetu kali ya matunda.

"Ungeniambia," alisema.

"Nikuambie nini? Kwamba nimeona udongo mwekundu?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Ungenitukana."

"Ningekutukana," alikubali. "Halafu ningesikia." Naye akaanza kulia, mtu mzima na kifua chake chote, kwa sababu alikuwa amewalisha samaki wale watu wote aliowapenda.

Asubuhi jua lilipopata moto korongo walianza kuinuka, wakizunguka polepole, mpaka wakawa kama vumbi angani. Si wote. Wengine walibaki mashambani, mabawa yamelegea, vichwa vimening'inia. Daktari wa ndege, Nevyana, alikuja kutoka mjini na masanduku. Aliwaosha midomo, akawatilia maji kooni kwa mrija, na Kerana akawashikilia mapajani, mmoja baada ya mwingine. Baadhi walikufa mikononi mwake. Wengine walipona na kuachiwa baada ya majuma kadhaa.

Daktari alichukua tope, maji, samaki, na korongo wawili aliowakuta wamekufa ndani ya matete, wakavu, ambao hawakufa siku ile ya mvua. Tukangoja majibu. Nikisema tulingoja, nataka mwelewe: hapakuwa na nyumba ambayo watu walilala vizuri. Akina mama waliwatazama watoto wao wakicheza, wakawaza kila kikohozi, kila somo lililosahaulika. Wengine walimchukia Kerana. Dukani mwanamke mmoja alimwambia, "Tulikuwa tunaishi vizuri kabla hujaongea." Kerana akalipia mkate wake, akatoka.

Majibu yalikuja na majani ya kwanza kuanguka. Nevyana aliyasoma shuleni, tukiwa tumekaa kwenye viti vya watoto. Kinamasi kilikuwa kimeingia risasi upande wa juu, karibu na tuta. Upande wa chini, kwenye matete mazito, kilikuwa na kidogo. Samaki wa juu hawafai kuliwa. Wa chini, watu wazima waweza, mara chache, wajawazito na watoto wasiguse. Korongo wale wawili maini yao yalikuwa yamejaa madini, nayo yalikuwa ya zamani, ya kukusanywa chura kwa chura.

"Kwa hiyo mvua haikuwaua," alisema Kerana.

"Hapana. Hao walikuwa wanakufa kimya."

"Na wale walioondoka?"

Daktari alikunja karatasi yake. "Sijui, Bi Kerana. Wakifika huko, wamefika. Hakuna anayewapima njiani."

Delyan alikuwepo. Hakufanya mzaha tena. Mwezi ule ule palichimbwa mtaro chini ya tuta, na pampu ikawekwa ya kurudisha bwawani maji yanayochuruzika. Mlinzi wa pili akaajiriwa. Tope lililokwisha kuingia kinamasini halikuondolewa, maana, walisema, kulichokoa ni kulieneza. Diamandi aling'oa nyavu zake zote, hata za chini, akaenda kufanya kazi bandarini.

Kerana mwenyewe alipimwa damu. Risasi ilikutwa, zaidi ya inavyotakiwa. Ilitoka kwenye mitambo ya kuosha mawe, au kwenye samaki, au kwenye vumbi la tuta, hakuna aliyeweza kumwambia. Bozhana alipimwa pia, kwa kuwa alikuwa na mimba. Yeye alikutwa na kidogo tu, na daktari alimwambia asiwe na wasiwasi, maneno ambayo hayajawahi kumwondolea mtu yeyote wasiwasi. Mtoto alizaliwa msimu wa kuchipua, msichana, mwenye sauti. Kerana alimshika, akamfungua vidole kimoja kimoja, akamgeuza kwenye mwanga, akamsikiliza pumzi. Sote tulimwambia mtoto ni mzima. Alijibu, "Naona." Lakini kila Jumapili alikwenda tena kumtazama.

Bado yuko bwawani. Mwezi wa nane ukiingia na wingu likatoka baharini, hashiki tena sufuria kwanza. Anashika simu. Nasi tukiona simu zetu zinawaka mezani, tunatafuta viatu kabla hatujapokea.